Moshi hadi Ngarenanyuki: mashine iliyotoa maji mengi mno

Jumapili, Moshi

Simu ya mwalimu iliingia jioni nikiwa napanga vifaa vya kazi nyingine kabisa, pampu ya kisima huko Kahe. "Fundi, sola zimechoka," akasema. "Ikifika saa tisa mchana mashine inajizima yenyewe, na watoto bado wako kwenye foleni." Nikamuuliza maji ya asubuhi yanatokaje. "Asubuhi hakuna shida. Tena siku hizi yanatoka mengi kuliko zamani."

Maneno hayo ya mwisho yalinipita. Nayaandika mwanzoni kwa sababu jibu lote lilikuwa humo, na mimi, na miaka yangu kumi na miwili ya kufunga sola, nilichosikia ni saa tisa tu.

Mashine hiyo sikuifunga mimi. Walikuja wafadhili, wakafunga, wakazindua, wakapiga picha, wakaondoka, na namba ya simu waliyoiandika ukutani haipatikani. Kazi yake ni kuondoa chumvi kwenye maji ya kisima kirefu kwa nguvu ya jua, na pamoja na chumvi kuondoa floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, ambayo ndiyo shida hasa ya upande ule wa Mlima Meru. Mwalimu alipata jina langu kwa mtu aliyepata kwa mtu. Nilishaenda mara mbili kubadilisha filta, basi kijijini nikawa "fundi wa mashine", cheo ambacho hakina mshahara.

Nimefunga begi: multimita, spana mbili, filta sita za uzi, konekta za paneli, tepu nyeupe ya mafundi bomba, kipima chumvi kidogo kama kalamu, na chupa za plastiki za sampuli. Maabara hawataki sampuli ya floraidi iliyokaa kwenye kioo.

Jumatatu, Moshi hadi Maji ya Chai

Julai ya Moshi si mwezi wa kumsifia mtu sola. Mlima haujaonekana siku ya nne leo, wingu limekaa juu ya paa za nyumba, na watu stendi wamevaa makoti kama wanakwenda Ulaya. Wateja hunipigia simu mwezi huu kuliko mwezi mwingine wowote, na nusu yao ukiwapa pole na kuwaambia wasubiri Septemba wanadhani unawakwepa.

Kosta ilijaa saa mbili kasoro. Boma Ng'ombe, njia panda ya KIA, Kikatiti, nikashuka Maji ya Chai ambako dogo ananisubiri. Ni kijana wa hapohapo, mwaka wa pili sasa ananishikia tochi na spana, na siku hizi ananisahihisha. Mto uliolipa eneo hili jina unapita chini ya barabara kuu, na maji yake yana rangi hasa ya chai ya rangi iliyokolea kidogo. Ukanda huu watu walitaja mahali kwa jinsi walivyoyaona maji. Ngarenaro pale Arusha mjini ni Kimasai, maji meusi. Ngarenanyuki tunakokwenda ni maji mekundu. Wazee walishaandika lebo, ila floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa kiwango kinachoharibu meno huwezi kuionja.

Dogo anapocheka huweka kiganja mdomoni. Meno yake yana mistari ya kahawia, kama ya wenzake wengi waliozaliwa hapa. Yangu meupe, na si kwa sababu napiga mswaki sana. Nimekulia kwenye chemchemi za Kilimanjaro, yeye kwenye maji ya Meru, milima miwili inayotazamana. Doa huingia utotoni, meno ya ukubwani yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi. Mtu mzima akihamia hapa na meno yake yamekwisha kuota, hayabadiliki rangi. Lakini akiyanywa miaka na miaka, maji yenye floraidi nyingi sana huingia kwenye mifupa. Viungo hukaza, mgongo hukakamaa, na watoto wengine hukua na miguu iliyopinda. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4, kwa sababu tungeshika 1.5 tungefunga visima vingi mno. Sasa kiwango chetu nacho ni 1.5. Visima havikusoma gazeti la serikali.

Tumelala kwa mama yake. Usiku mama akatuletea maji ya kunywa kwenye jagi, akasema kwa fahari, "Nimeyachemsha vizuri, mwanangu, yamechemka mpaka sufuria ikapungua." Nikamshukuru nikanywa, ningefanyaje. Dogo alisubiri mama aingie ndani ndipo akaniuliza kama kuchemsha kunasaidia. Kwa kipindupindu na kuhara, sana. Kwa floraidi, kunazidisha: maji yanakwenda na mvuke, floraidi inabaki palepale ndani ya maji yaliyopungua.

"Basi tuchukue huo mvuke," akasema.

Ndiyo kunereka hasa, nikamwambia, na huku Kaskazini hakuna mtu asiyejua mtambo wa piwa, yaani gongo. Wenye mtambo wanachemsha, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, unadondoka. Ukiweka jua mahali pa kuni unapata kinereko cha sola: beseni jeusi, kioo kimelazwa juu yake, maji yanapanda kama jasho, yanagonga kioo, yanateleza mpaka kwenye mfereji. Chumvi na floraidi vinabaki chini. Mwaka 1872 huko Las Salinas, Chile, mhandisi Charles Wilson alitandaza vioo vya aina hiyo jangwani na kupata kama lita 22,000 kwa siku. Maji hayo yalikuwa ya nyumbu wa migodini. Nyumbu! Dogo akacheka, mkono ukaenda mdomoni.

Ila eneo lake la vioo lilikuwa mita za mraba zaidi ya 4,000. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula joto jingi kiasi kwamba mita moja ya mraba, jua kali la kutwa, inakupa lita tatu hadi tano. Familia moja itapata ya kunywa. Kwa shule ya watoto mia nne utafunika kipande kizima cha uwanja wa mpira kwa kioo, halafu wacheze wapi?

Jumanne, Usa River hadi Ngarenanyuki

Gari la Ngarenanyuki ni Landrova iliyozaliwa kabla yangu. Tulikaa kumi na wanne, na kuku wawili ambao nauli yao sikuijua. Njia inakata kaskazini kutoka Usa River kuelekea Ngurdoto. Hapo Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floraidi, ambacho kwa miaka mingi kimefanya kazi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa ikichomwa kwa utaratibu inakuwa chujio linalonasa floraidi, na ni njia nzuri, haitaki umeme wowote. Kasoro yake ni kwamba mkaa unashiba. Ukishiba lazima ubadilishwe, na hakuna taa inayowaka kukuambia kwamba umeshiba. Nililiona hilo kama udhaifu wa mkaa wa mifupa. Jumatano ilikuwa njiani.

Ukiingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha barabara inapita kandokando ya uwanda wanaouita Serengeti Ndogo. Twiga walikuwa barabarani, dereva akazima injini tukasubiri wamalize mambo yao. Mbele zaidi ni maziwa ya Momella, kila moja na rangi yake, heroe wamejipanga ukingoni kama nguo za waridi zilizoanikwa. Mazuri kuangalia tu. Floraidi ya maziwa hayo imepimwa kufikia mamia ya miligramu kwa lita. Majivu na mawe ya volkano ya Meru yana floraidi nyingi na sodiamu nyingi, lakini kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwepo ya kutosha ingeishika floraidi ikazama kama jiwe. Hapa haishikwi na mtu, inatembea na maji.

Nyuma yangu alikaa babu mmoja na bakora yake. Nilipomwamkia shikamoo akaitikia kisha akauliza tunakwenda kwa nani. Nikamweleza. Akanyamaza kilomita nzima, halafu akaanza habari ya mwaka 1951, yeye akiwa mtoto, serikali ya Mwingereza ilipowafukuza Wameru Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Hii naijua, tuliisoma shule, lakini kusimuliwa na mtu aliyeshikwa mkono siku hiyo kutoka kwenye moshi ni jambo jingine.

"Ardhi tuligombea mpaka Marekani," babu akamalizia. "Maji yake hatukuyauliza."

Ukishauzunguka mlima hali ya hewa inabadilika kama umefungua mlango. Upande wa Moshi na Arusha wingu, huku jua kavu, vumbi, anga ya bluu. Mvua zinamwagwa kusini na mashariki mwa Meru, kaskazini wanabakiziwa makombo. Nikavua sweta. Mashamba ya nyanya pande zote mbili, na tenga zimepangwa barabarani zikisubiri fuso. Kwa fundi sola mahali hapa ni peponi: nchi isiyo na maji mazuri ina jua zuri, na vyote viwili vimesababishwa na mlima huohuo.

Jumatano, shuleni

Saa moja asubuhi tulikuwa juu ya paa.

Mashine ni kibanda cha matofali nyuma ya madarasa. Paneli sita juu, chini pampu ya kusukuma kwa presha, pipa la mchanga, makopo mawili ya filta za uzi, halafu bomba nene lililolala ambalo ndani yake kuna membreni. Humo ndimo kazi yenyewe inapofanyika. Membreni ni utando uliokunjwa kama mkeka, na matundu yake ni madogo kiasi cha kupitisha maji na kuizuia chumvi. Kwa kawaida maji hupenda kwenda kwenye chumvi. Ndiyo maana nyanya ukiinyunyizia chumvi inatoa maji. Hapa unayalazimisha yarudi kinyumenyume kwa presha. Kwa maji ya bahari, yenye kama gramu 35 za chumvi kwa lita, unahitaji presha ya ba 55 kwenda juu. Kule Kiunga, Lamu, nchini Kenya, mwaka 2018 ulifungwa mtambo wa sola wa kuondoa chumvi, wenye uwezo wa kutoa mpaka lita 75,000 kwa siku. Maji yetu ya kisima yana chumvi kidogo sana kwa bahari. Ba nane, kumi, yanapita.

Hakuna betri. Watu huona ni ubahili, lakini ndicho kitu pekee ambacho wafadhili wale walinifurahisha nacho. Betri hufa baada ya miaka michache na hugharimu kuliko paneli. Simtanki halifi. Jua likiwepo unachuja, unajaza tanki. Jua likizama watu wanachota.

Tatizo la saa tisa lilichukua dakika kumi kulijua. Magharibi ya kibanda kuna mgrevilea. Siku mashine inafungwa ulikuwa kama ufagio. Sasa umepita paa. Paneli zote sita zimeunganishwa mkufu mmoja, na kivuli kikishaziramba mbili tatu, volti zinashuka chini ya kile pampu inachotaka, kontrola inazima. Mti ni wa jirani. Mwalimu mkuu alikwenda kuongea naye, wakakubaliana apunguze matawi na kuni zibaki zake. Kufikia saa sita tulikuwa tumefuta vumbi, tumebadilisha konekta moja iliyoungua, mti umenyolewa. Nikajiona mwanaume kweli. Mwalimu akaagiza soda.

Dogo ndiye aliyechukua kile kipimo cha chumvi akakitumbukiza kwenye ndoo, kwa mazoea tu. Maji ya kisima: 1,380. Akaenda bomba la kunywa: 1,120. Akasuuza, akarudia.

"Fundi, hii ni ileile."

Kipimo hiki hakisomi floraidi, kinasoma jumla ya madini yaliyoyeyuka. Lakini utando unaopitisha chumvi namna hiyo hauwezi kuwa unazuia floraidi. Mara ya mwisho nilipokuja bomba hilohilo lilisoma 64, ipo kwenye daftari langu.

Kwanza nikashuku presha. Hii ni tabia ya mashine zisizo na betri: wingu likipita, pampu inapungua nguvu, maji safi yanayopita kwenye utando yanapungua sana, lakini chumvi inayovuja kidogokidogo haijali presha, inaendelea kama kawaida. Kwa hiyo maji ya alfajiri na ya wakati wa wingu huwa machache na mabaya zaidi, na mhudumu anatakiwa kuyamwaga yale ya mwanzo. Ila leo hakukuwa na wingu hata moja. Geji ilikuwa inasoma ba 4 badala ya 9, na maji yanatoka kama bomba la mvua. Utando ulikuwa hauyazuii tena. Hapo ndipo nikamkumbuka mwalimu. Tena siku hizi yanatoka mengi kuliko zamani.

Tukamwita mama anayehudumia kioski cha maji. Nikauliza taratibu, maana swali la fundi linaweza kumfanya mtu aonekane mkosaji. Kuna kitu chochote kiliwahi kuwekwa kwenye tanki la juu?

"Klorini," akasema mara moja. "Mwezi wa tatu walitangaza kipindupindu, wakatugawia, wakasema wekeni kwenye tanki. Nikaweka kila Jumatatu mpaka ilipoisha. Na mashine ikapona kabisa, fundi. Zamani ndoo ilikuwa inachukua dakika nne. Sasa hivi hata wimbo hauishi."

Alifanya alichoambiwa, akakifanya kwa bidii. Hakuna aliyemwambia kwamba matanki ni mawili, na kwamba utando wa aina hii klorini huuharibu taratibu. Kwenye tanki la maji yaliyochujwa klorini ingekuwa sawa kabisa. Ameiweka kwenye tanki la maji ghafi, ikapita ndani, ikaula utando, na badala ya mashine kulalamika ikawapa maji tele. Kijiji kikashangilia. Miezi minne.

"Yamekuwa matamu zaidi," mama akaongeza. "Yale ya mwanzo yalikuwa hayana ladha."

Soda sikuimaliza.

Alhamisi, chini ya mti

Mkutano ulikuwa saa tatu. Kamati ya jumuiya ya watumia maji, walimu, akina mama, na wazee watatu wa Kimasai waliokuja kwa ajili ya ng'ombe. "Sopai," nikawaamkia, wakaitikia "epa", na huo ndio ulikuwa wakati mzuri pekee wa mkutano.

Jaribu kuwaambia watu kwamba mashine inayotoa maji mengi imekufa. Baba mmoja alisimama akasema, kwa utulivu uliouma kuliko kelele, "Mwalimu alikuita uje kutengeneza saa tisa. Umetengeneza saa tisa. Sasa unataka kufunga kutwa." Watu wakapiga makofi. Sikuwa na cha kubisha. Ningekaa kimya jana, nikanywa soda yangu, leo ningekuwa Moshi na sifa juu.

Dogo aliniokoa. Alisimama, akasema yeye ni wa Maji ya Chai, kisha akafungua mdomo akawaonyesha meno bila kuweka mkono. Hakuhubiri. Akasema, "Hawa wa darasa la kwanza meno yao ndiyo yanajengwa sasa," akakaa.

Likazuka na la ng'ombe. Mashine haifanyi miujiza: ndoo tatu zikiingia, moja inatoka safi na mbili zinatoka na chumvi ya zote tatu. Hayo maji ya masalia yalichimbiwa mfereji mpaka kwenye josho la zamani, na mifugo inakunywa. Nikawaambia maji yale, mashine ikiwa nzima, yana floraidi mara moja na nusu ya kisima, na ng'ombe naye ana meno na mifupa. Mzee mmoja akaniangalia kama mtu aliyetukaniwa ng'ombe. Akauliza, "Na kisima ukiwa umefunga mashine, yana ngapi?" Nikasema yaleyale ya siku zote. "Basi ng'ombe wamekunywa siku zote," akasema, na hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko nilivyopenda. Tumekubaliana masalia yaende kwenye vyoo na kufyatulia matofali, mifugo irudi kunywa mbugani. Kama itatekelezwa sijui. Mfereji upo wazi, na ng'ombe hawakuhudhuria mkutano.

Kwa maji ya watoto wataleta kwa punda kutoka bomba la mserereko linaloshuka mlimani, mwendo wa saa moja na nusu, mpaka membreni mpya ije. Bomba la shule limebaki wazi kwa kufulia na kudekia. Kioski kilikuwa kinatoza shilingi 50 kwa ndoo na kamati ilikuwa imetunza fedha vizuri, daftari safi, kila ukurasa na sahihi. Zilitosha nusu ya membreni. Nusu nimekopesha mimi. Mke wangu akisoma hapa, nitaeleza nikifika.

Chakula cha mchana kilikuwa makande mazuri, laini, yaliyoiva kwa haraka. Nikauliza siri. "Magadi," mama akasema. Magadi ya huku nayo yana floraidi. Nikaongeza sahani.

Jioni tulirudi na Landrova ileile hadi Usa River, kisha daladala ya Arusha. Tulipopita Tengeru dogo akanionyesha njia ya kwenda Taasisi ya Nelson Mandela, ambako Askwar Hilonga alitengeneza chujio lake la mchanga na chembe za nano lililoshinda tuzo ya kwanza ya Africa Prize ya uhandisi, 2015. Nikamwambia mwaka huohuo chuo cha MIT na kampuni ya Jain ya India walishinda tuzo nyingine ya Marekani kwa mashine ya sola ya maji ya chumvi isiyosukuma kwa presha. Yenyewe inazivuta chumvi kwa umeme kushoto na kulia, maji yanabaki katikati, na utando wake huvumilia klorini kuliko huu wetu. Dogo akafikiri mpaka Kwa Mrefu. "Kwa hiyo tatizo letu lilishatatuliwa," akasema, "ila halikupanda Landrova."

Ijumaa, Arusha mjini

Maduka tisa. Membreni za chini ya sinki, za majumbani, zipo kila duka. Ya kwetu, inchi 4 kwa 40, hakuna. Muuzaji mmoja anayehudumia hoteli za watalii alikuwa nayo moja, ya mteja, hauzi. Tumeagiza Dar, itakuja kwa basi. Sampuli tumezipeleka maabara.

Jumamosi hadi Jumatatu

Nyumbani Moshi. Nimeeleza. Kahe wamempata fundi mwingine.

Jumanne, stendi ya Arusha

Mzigo ulifika saa mbili usiku, boksi refu kama la fimbo za kutundikia pazia. Nililala nalo kitanda kimoja gesti, kwa kuwa membreni ikipata kishindo au ikikauka ni hasara tupu. Majibu ya maabara yalikuwa kwenye simu: bomba la kunywa na kisima vimepishana kidogo sana, vyote viko mbali juu ya 1.5.

Jumatano, Ngarenanyuki tena

Kazi yenyewe saa moja na nusu. Utando wa zamani ulitoka mzuri kwa macho, mweupe, hauna hata tope. Ungemwonyesha mtu yeyote angesema urudishe. Mpya huja umeloweshwa dawa ya kuutunza, kwa hiyo saa ya kwanza maji yote yanamwagwa, jambo ambalo nililitangaza mapema ili nisipigwe.

Dogo alitumia muda huo na kopo la rangi nyekundu. Kwenye tanki la juu ameandika KLORINI HAPANA, kwenye la chini KLORINI HAPA, herufi za ukubwa wa kiganja. Halafu akamfundisha mama kutumia kile kipimo cha kalamu, tumemwachia. Ukiona mia moja na hamsini, piga simu. Maji yakiongezeka ghafla, piga simu hiyohiyo siku hiyohiyo. Mama akarudia kwa sauti mara tatu.

Saa tano na nusu nikafungua bomba. Geji ilipanda mpaka ba 9 ikatulia. Kipimo: 58.

Foleni ilikuwa imeshafika kwenye bendera. Akina mama, punda wawili, watoto na madumu ya njano. Wote wakaangalia bomba. Uzi wa maji ulitoka, mwembamba kama penseli, ukaanza kugonga kitako cha ndoo ya kwanza.

Mama wa kioski aliuangalia, akaniangalia mimi, akauangalia tena.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo, mama."

Akaisogeza ndoo ikae sawasawa chini ya bomba, akageuza dumu tupu, akalikalia.